Rangi Nne za Subira: Majina na Nembo za Vyombo katika Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Anayetaka kujua nani alikuwa na nguvu katika Ziwa Tanganyika tangu zama za Wajerumani anaweza kusoma mikataba, taarifa za magavana na vitabu vya wanajeshi. Njia nyingine ni kusoma vyombo vyenyewe: jina lililoandikwa omo, bandari iliyoandikwa kwenye tezi, nembo iliyofungwa kwenye injini, bendera inayopepea nyuma. Kila aliyekiteka au kukinunua chombo alianza na mambo hayo. Rangi ya zamani ilifunikwa, jina likabadilishwa, bendera ikashushwa.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba alama za vyombo vya ziwa letu zimefutwa na watu wa aina mbili kwa sababu mbili. Wenye nguvu walifuta ili kutangaza kuwa chombo sasa ni chao. Wasio na nguvu walifuta ili wasitambuliwe, wapate kuishi. Kwa hiyo mtu anayetafuta leo nembo na herufi mpya za kuvalisha boti kuukuu, kabla hajashika msasa, inampasa kujua amesimama mbele ya ufutaji wa aina gani. Nitaanza na meli zinazojulikana, kisha nitaeleza habari za boti moja ya Bujumbura ambayo nilisaidia kuitafutia alama zake.

Majina ya wenye nguvu

Meli mashuhuri kuliko zote katika ziwa hili ilitengenezwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Kigoma. Huko iliunganishwa tena na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Waliiita Graf von Goetzen. Goetzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1901 hadi 1906, na ndiye aliyekuwa madarakani vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Kwa hiyo jina hilo lilikuwa la mtawala, na lilipita mbele ya macho ya watawaliwa kila meli ilipotia nanga, Usumbura ikiwemo.

Wajerumani walikuwa na vyombo vingine viwili vya kutajwa. Hedwig von Wissmann ilipewa jina la mke wa Hermann von Wissmann, gavana mwingine wa kabla ya Goetzen. Kingani ilipewa jina la mto wa huku kwetu Afrika, ule ambao wengi wanaujua kwa jina la Ruvu. Upande wa pili wa ziwa Wabelgiji walikuwa na Alexandre Delcommune, jina la mpelelezi aliyefika Katanga, na baadaye Baron Dhanis, jina la afisa aliyeongoza vita dhidi ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waungwana wa mashariki mwa Kongo. Ukiyaweka majina hayo pamoja unapata orodha ya watu waliolipitia au kulitawala eneo hili kwa bunduki, na mke wa mmoja wao.

Vita Kuu ya Kwanza vilipofika ziwani, majina yalianza kubadilika haraka. Mwezi Agosti 1914 Hedwig von Wissmann iliishambulia Alexandre Delcommune na kuiacha haifai. Wabelgiji walipoitengeneza waliibadilisha jina ikawa Vengeur, yaani Mlipiza Kisasi. Hapo jina halikuwa tena la kumkumbuka mtu. Lilikuwa ujumbe kwa adui.

Mwaka 1915 Waingereza nao walileta boti mbili ndogo za injini ya petroli, zenye urefu wa mita kama 12, zilizotengenezwa na kampuni ya Thornycroft. Zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Katanga, zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, zikateremka Mto Lualaba, zikapanda treni tena hadi ziwani. Kiongozi wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa amependekeza ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake wa jeshi la majini walikataa. Akarudi na majina Mimi na Toutou, ambayo katika Kifaransa cha watoto yana maana ile ile, paka na mbwa, na safari hii wakubwa wakakubali. Kwa sisi tunaozungumza Kiswahili kuna la ziada: boti ya vita ilipita ziwani ikijiita Mimi, na aliyeipa jina hakuwa akifikiria lugha ya watu waliokuwa ufukweni.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo mbili ziliiteka Kingani. Ilitengenezwa, ikapandishwa bendera ya Uingereza na kuitwa Fifi. Jina la mto wa Afrika lilitoka, likaingia jina la utani la Kifaransa. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi ziliizamisha Hedwig von Wissmann. Mwezi Juni mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura. Mwishoni mwa Julai Wajerumani wenyewe waliizamisha Graf von Goetzen karibu na Kigoma ili isichukuliwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walioiunganisha waliipaka injini grisi nyingi, kwa kuwa walitumaini kuirudia.

Grisi hiyo ilifanya kazi, ila kwa faida ya wengine. Wabelgiji waliinyanyua meli, ikazama tena. Waingereza waliinyanyua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Hilo ndilo jina ambalo Livingstone aliliandika mwaka 1867 alipofika kusini mwa ziwa, akieleza kuwa ndivyo wenyeji walivyoliita. Hata jina linalosikika la kienyeji, basi, liliwekwa kwenye meli na mtawala mpya, kutoka katika daftari la msafiri Mzungu.

Miji nayo ilifuata mkondo huo. Kwa desturi ya vyombo vya majini, tezi huandikwa jina la bandari ya nyumbani. Chombo kilichokuwa na neno Albertville kilitakiwa baadaye kusomeka Kalemie. Chombo cha Usumbura, baada ya uhuru wa Burundi tarehe 1 Julai 1962, kilitakiwa kusomeka Bujumbura. Bendera yetu yenyewe ilibadilika: ya ufalme ilikuwa na ngoma katikati. Michel Micombero alipoupindua ufalme tarehe 28 Novemba 1966, ngoma ikaondolewa ukabaki mtama, na mwaka 1967 zikawekwa nyota tatu tunazoziona leo. Katika miaka mitano tu, mwenye chombo aliyetaka kufuata sheria alikuwa na kazi nyingi ya brashi.

Mpaka hapo historia ni ya wenye nguvu, na ni rahisi kuifuatilia kwa kuwa wenye nguvu huandika wanachofuta. Tunajua Kingani ilikuwa Fifi lini na kwa amri ya nani. Ugumu huanza tunaposhuka kwenye boti za watu wa kawaida.

Boti yenye alama zilizopotea

Kajaga, magharibi mwa Bujumbura, kuna mzee mmoja mwenye boti ya plaiwudi iliyotengenezwa kabla ya uhuru. Ameniomba nisimtaje jina, nami nitamwita Mzee. Maji ya ziwa yalipopanda miaka hii ya karibuni na kuingia katika nyumba nyingi za ufukweni, aliipandisha boti juu ya matofali na kuihamishia nyuma ya nyumba yake. Mbao nyingi za chini zimebadilishwa mara kadhaa. Ubao wa tezi, wa mvule, ni ule ule wa tangu mwanzo. Siku hizi boti husukumwa na injini ya Yamaha, lakini ghalani Mzee ameihifadhi injini yake ya kwanza, Johnson ya nguvu za farasi 18, iliyosimamishwa juu ya gogo kama mgonjwa aliyepona.

Mzee alitaka boti ivalishwe upya. Sababu yake ilikuwa ya kifamilia. Watoto wa kaka yake, waliozaliwa na kukulia Tanzania, walikuwa wanakuja kumtembelea kwa mara ya kwanza, na marehemu kaka yake ndiye aliyekuwa nahodha wa boti hiyo ujanani. Alitaka waione kama baba yao alivyoijua. Kwa kuwa nasoma historia, mjukuu wake, ambaye ni mwenzangu darasani, aliniita nisaidie kutafuta nembo na herufi zilizokuwepo.

Injini ilikuwa rahisi zaidi, ingawa haikuwa rahisi. Johnson haitengenezwi tena. Kampuni iliyoimiliki pamoja na Evinrude, yaani Outboard Marine Corporation, ilifilisika mwaka 2000. Waliorithi majina hayo waliliacha la Johnson, na mwaka 2020 wakasimamisha Evinrude pia. Stika za kuigiza zinauzwa Marekani, lakini kuzilipia kwa dola kutoka Bujumbura, ambako dola zenyewe zimekuwa adimu, na kuzisubiri zifike, kungegharimu kuliko thamani ya kofia ya injini. Tukaamua zitengenezwe hapa.

Kofia ya injini ilikuwa imepauka kwa jua, lakini mahali palipokuwa na stika rangi ya chini ilibaki nzito zaidi, kwa sababu stika iliikinga. Ukitazama kwa pembeni unayaona maandishi yaliyotoweka kama kivuli. Tulipiga picha kila upande, kamera ikiwa imenyooka na rula ikiwa ndani ya picha ili vipimo visipotee. Kisha tukaweka karatasi ya kunakilishia na kufuata kingo za kivuli kwa penseli laini. Mchoro huo tuliupeleka Buyenzi kwa kijana anayekata stika za magari kwa mashine. Aliuingiza katika kompyuta, akasafisha mistari, akakata herufi katika plastiki ya kubandika. Siku ya kubandika tulipangusa kofia kwa spiriti, tukainyunyizia maji yenye sabuni kidogo ili stika iweze kusogezwa, kisha tukasukuma mapovu ya hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kipande cha plastiki kigumu.

Nembo ya mbele ilikuwa imeng'oka kabisa. Injini za Johnson za wakati huo ziliitwa Sea-Horse na alama yao ilikuwa farasi wa baharini, yule samaki mdogo anayesimama wima. Yamebaki matundu mawili ya skrubu tu. Umbali kati ya matundu ulitupa ukubwa, na picha za matangazo ya zamani zilitupa umbo. Fundi anayeyeyusha alumini chakavu kumimina masufuria alichonga kiolezo cha mti, akakikandamiza katika mchanga, akamimina. Alipokishika aliuliza kwa nini farasi huyu hana miguu, na kwa nini injini iwe na farasi 18 wakati aliyeonekana ni mmoja. Nyuma ya nembo hiyo tulichonga mwaka 2024, ili atakayeikuta baadaye asidhani ni ya kiwandani.

Rangi nne

Kazi ya ubao wa tezi ndiyo iliyonifundisha jambo ninalolieleza katika insha hii. Mchoraji aliyeitwa alikuja na mashine ya kupiga msasa. Kwake ilikuwa kazi ya siku moja: kukwangua mpaka mbao ionekane, kupaka rangi nyeupe, kuandika upya. Niliomba apewe kazi ya ubavuni kwanza, tukae na tezi kwa siku chache.

Usiku tulizima taa ya ukutani, tukaiweka tochi ubavuni mwa ubao ili mwanga upite juu ya uso wake. Herufi zilizo chini ya rangi huacha mwinuko mdogo, na mwanga wa pembeni huutolea kivuli. Mchana tulifungua madirisha madogo ya ukubwa wa kiberiti kwa msasa laini na maji, kidogo kidogo, tukisimama kila rangi ilipobadilika. Tulikuta tabaka nne.

Juu kabisa kulikuwa na mabaki ya herufi za kubandika: KIGOMA. Chini yake ilikuwepo rangi ya kijivu, nzito, iliyopakwa bila mpangilio, yenye nywele za brashi zilizogandia humo. Chini ya kijivu ilikuwepo nyeupe nzuri, na juu ya nyeupe hiyo, kwa herufi za buluu zilizoandikwa kwa mkono uliotulia: SUBIRA, na chini yake BUJUMBURA. Chini ya nyeupe palikuwa na vanishi ya zamani, na juu ya vanishi jina la mwanamke kwa mwandiko wa mlazo wa Kifaransa, pamoja na neno USUMBURA.

Tabaka tatu kati ya hizo zilijieleza zenyewe. Mbelgiji mmoja aliiita boti kwa jina la mwanamke, akaandika bandari kama mji ulivyoitwa wakati wake. Baba yake Mzee aliinunua Mbelgiji huyo alipoondoka mwaka 1962, akaipa jina la Kiswahili linalofaa chombo chochote kinachoingia ziwani, na akaandika jina jipya la mji. Hiyo ni hadithi ya Kingani na Fifi kwa udogo, ila safari hii aliyechukua ni mwenyeji, na alilipa. Herufi za Kigoma nazo zilionyesha kuwa baadaye boti iliishi Tanzania.

Tabaka ya kijivu ndiyo iliyotushinda. Haikuwa na jina juu yake. Haikupakwa boti nzima, ila ubao wa tezi na sehemu mbili za omo tu, pale pale palipokuwa na jina. Na michirizi yake haikushuka chini kama rangi inavyoshuka. Ilikuwa imekwenda upande, kushoto kuelekea kulia. Mchoraji alisema ni kazi ya mlevi. Nilimwonyesha Mzee picha.

Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hiyo ni rangi ya mlango wetu, mwanangu."

Akatueleza. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza kusini, katika maeneo ya pwani ya ziwa kama Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi waliuawa na waasi. Kisha ukafuata ulipizaji wa serikali uliodumu kwa miezi, ambao ndio Warundi wengi wanaouita Ikiza. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000 na kupanda. Waliosoma, wafanyabiashara, walimu, wanafunzi, walichukuliwa kwa orodha. Familia ya Mzee iliishi karibu na Rumonge na ilikuwa na boti inayojulikana na kila mtu, kwa kuwa ilibeba abiria na mizigo kati ya hapo na Bujumbura. Subira ilijulikana kama basi linavyojulikana.

Kaka yake alikuwa na miaka ishirini na mbili, Mzee tisa. Usiku mmoja wa mwezi Mei kaka yake alichukua kopo la rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango, akaenda ufukweni, ambako boti ilikuwa imelazwa ubavu juu ya mchanga. Akafunika jina mahali pote lilipoandikwa. Usiku uliofuata waliingia watu kumi na wanne. Walipiga kasia mpaka taa za pwani zikapotea, ndipo wakawasha injini.

"Chombo chenye jina kina mwenyewe," Mzee alisema. "Na mwenyewe ana orodha."

Simulizi hupimwa, na hivyo ndivyo tunavyofundishwa. Lakini hapa ubao ulikuwa shahidi wa pili. Michirizi iliyokwenda upande inaeleweka tu ikiwa boti ilikuwa imelala ubavu rangi ilipopakwa. Nywele za brashi na vidole viwili vilivyoacha alama ukingoni vinaonyesha haraka na giza. Rangi kufunika majina tu, na kuacha sehemu nyingine, kunaonyesha nia. Mchoraji aliyekuwa ameita kazi hiyo ya mlevi alizima mashine yake, akaichomoa kwenye umeme.

Warundi waliovuka mwaka 1972 kwenda Tanzania wengi wao waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kaka yake Mzee aliishi na kufa Mishamo. Baadaye Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo na watoto wao, na wengine walirudi Burundi. Mzee ni kati ya waliorudi, na boti alirudi nayo. Herufi za Kigoma alizibandika mwenyewe, alipoisajili huko ili aweze kuvulia.

Alama zipi zirudishwe?

Hapo swali la kutafuta alama mpya lilibadilika. Mwanzoni Mzee alitaka "zile za mwanzo". Lakini za mwanzo ni zipi? Za mwanzo kabisa ni jina la mwanamke wa Kibelgiji na mji wa Usumbura. Wakarabati wengi wa boti za zamani, Ulaya na Marekani, wangezichagua hizo bila kusita, kwa kuwa kanuni yao ni kurudisha chombo kama kilivyotoka kiwandani au kwa mnunuzi wa kwanza. Kanuni hiyo ina faida pale ambapo chombo kilikuwa na mwenyewe mmoja aliyekitunza vizuri. Ikitumiwa katika ziwa letu, inamrudisha mkoloni kila mahali na kuwafuta waliokuja baada yake.

Mjukuu wake alipendekeza lirudishwe jina la SUBIRA tu, na kijivu kiondolewe, kwa kuwa ni kovu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Nani anataka watoto wa kaka yake wakutane na usiku ule? Mimi nilisema kuwa tukiiondoa kijivu tutakuwa na jina zuri bila sababu ya jina hilo kutoonekana kwa miaka hamsini. Mzee alisikiliza pande zote, kisha akaamua kwa njia ambayo sisi wawili hatukuifikiria.

Omo, ambako mbao zilikuwa zimebadilishwa na hakuna kilichobaki cha kulinda, SUBIRA iliandikwa upya kwa buluu. Mchoraji alitaka kutumia herufi za kompyuta. Tulimpa nakala ya penseli tuliyoitoa kwenye tezi, ambapo S ina kichwa kikubwa kuliko tumbo na B ni nyembamba, akazifuata kwa mkono, kwa rangi ya chombo, maana stika haishiki vizuri juu ya mbao inayopanuka na kusinyaa. Kwenye tezi, ubao wa mvule haukuguswa. Ulioshwa, ukapakwa vanishi isiyo na rangi juu ya tabaka zote, kijivu ikiwa palepale na madirisha yetu madogo yakionyesha buluu chini yake. Juu ya ukingo, nje ya eneo la herufi za zamani, kilifungwa kibao chembamba chenye neno BUJUMBURA ili boti itimize desturi ya leo.

Watoto wa kaka yake walipofika, mkubwa wao, mwanamke wa makamo, aliliona jina la omo akatabasamu. Alipofika nyuma Mzee alimshika mkono na kuuweka juu ya zile alama mbili za vidole. Hakumwambia kitu mpaka yeye mwenyewe alipouliza.

Hitimisho

Mwezi Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho mpakani, na meli iliyowachukua kutoka hapo hadi Kigoma ilikuwa Liemba. Sidhani kama aliyepanda siku ile akiwa na mtoto mgongoni alijali kuwa chuma alichokanyaga kiliwahi kuitwa Graf von Goetzen. Kwake meli ilikuwa njia ya kuvuka. Hilo haliifanyi historia ya jina isiwe na maana. Linatukumbusha kwamba chombo kimoja hubeba historia mbili, ya walioliandika jina na ya waliosafiri chini yake, na kwamba ya pili mara nyingi haina maandishi.

Ndiyo maana nashauri jambo moja kwa kila mwenye boti kuukuu katika Bujumbura, Rumonge, Kigoma, Uvira au Kalemie anayetafuta nembo na herufi mpya. Stika inaweza kukatwa kwa nusu saa na nembo inaweza kumiminwa kwa alumini ya sufuria. Hizo zitapatikana hata mwaka ujao. Rangi ya chini ikishakwanguliwa haipatikani tena popote. Piga picha, pima, nakili kwa penseli, tazama kwa tochi usiku, na uwaulize wazee kabla fundi hajawasha mashine. Nembo mpya iandikwe mwaka wake nyuma. Na pale utakapokuta rangi mbaya iliyopakwa ovyo juu ya jina zuri, usiharakishe kumlaumu aliyeipaka. Huenda alikuwa anamficha mtu.